"Haiko imbwa yangu": niliyojifunza nikichora wanyama kwa brashi ya hewa

Mzee aliishika picha kwa mikono miwili, akaisogeza mbali na macho, akairudisha karibu, kisha akaiegemeza ukutani na kunyamaza. Binti yake, ambaye ndiye aliyeniagiza kazi hiyo iwe zawadi ya baba yake, alikuwa amesimama mlangoni akisubiri kuona furaha. Hatimaye mzee alisema kwa upole, kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi: "Mutoto yangu, iko muzuri sana. Lakini haiko imbwa yangu." Yaani, si mbwa wangu.

Picha hiyo ilikuwa imenichukua siku 11. Nilikuwa nimechora manyoya unywele kwa unywele, nimelala na maumivu ya shingo, nimewaonyesha majirani zangu wote wa mtaa wa Katuba, na hakuna hata mmoja aliyeona kasoro. Nilikataa kupokea dola 80 tulizokuwa tumepatana, nikaibeba picha kwapani na kurudi kwa miguu ingawa nilikuwa na nauli mfukoni. Njiani nilimkasirikia mzee, kisha nikamkasirikia mbwa, na nilipokaribia nyumbani nikaanza kushuku kwamba mzee alikuwa amesema kweli.

Ninaandika haya kwa ajili ya mtu ambaye ametazama kwenye simu yake uso wa simba ukijitokeza juu ya karatasi kwa dakika tatu, na sasa anaweka akiba ili anunue brashi ya hewa, ile kalamu inayopuliza rangi kwa nguvu ya hewa. Mimi pia nilianza hivyo. Dakika tatu zile hazionyeshi siku zilizokatwa, wala hazionyeshi mambo yaliyotokea ndani ya mpira wa kupitishia hewa, nyuma ya mkono wa mchoraji.

Kabla ya hapo nilikuwa mchoraji wa vibao. Nilichora vichwa vya watu kwa vinyozi, kuku kwa wauza nyama za kuchoma, chui kwa yeyote aliyetaka kuonekana mwenye nguvu, na bila shaka kunguru na mamba, kwa sababu mji huu ni wa timu ya kandanda ya TP Mazembe na wanyama hao wawili hawawezi kumkosesha mchoraji chakula. Kazi hizo zilinipa mkono mwepesi, lakini pia zilinipa tabia mbaya ambayo sikuitambua kwa miaka mingi: mnyama wa kibao ni nembo. Hakuna anayesimama mbele ya mamba wa Mazembe na kuuliza mamba huyo ni yupi. Hata wachoraji wetu wakubwa waliotutangulia hawakuulizwa swali hilo. Pilipili Mulongoy, mmoja wa wachoraji wa Hangar, karakana ambayo Pierre Romain-Desfossés aliianzisha hapa mjini mwaka 1946, alichora samaki na ndege walio hai kuliko wengi ninaowaona mtoni, lakini samaki wake hawana mwenyewe wa kuja kudai kwamba si wao. Mbwa wa mzee alikuwa na mwenyewe.

Nitarudi kwa mbwa. Kwanza niseme juu ya hewa, maana huko ndiko fedha zangu nyingi zilikopotelea.

Brashi yangu ya kwanza niliinunua kwa dola 45 kutoka kwa mfanyabiashara anayeleta mizigo kutoka China. Ilikuwa ya aina ya vitendo viwili, yaani kitufe kimoja hubonyezwa chini ili kuleta hewa na huvutwa nyuma ili kuleta rangi, na kikombe chake kidogo kiko juu, kwa hiyo rangi hushuka yenyewe. Sindano yake ilikuwa ya milimita 0.3, kipimo ambacho hata leo ningemshauri anayeanza, kwa kuwa ile ya 0.2 huziba kwa kila jambo na ile ya 0.5 haiwezi kuchora unywele. Brashi hiyo haikuwa mbaya sana. Kosa nililifanya kwenye kompresa, mashine ya kushindilia hewa. Kwa kuwa fedha zilikuwa zimekwisha, fundi mmoja wa friji aliniundia kompresa kwa mota ya friji mbovu, kwa dola 30, nami nikaongeza dola 15 za mipira na viungio. Nilijiona mjanja kwa sababu mota hiyo haipigi kelele, na kweli wapo watu wanaoitumia vizuri. Jambo ambalo sikulijua ni kwamba mota ya friji imeundwa kufanya kazi na mafuta yanayozunguka ndani yake pamoja na gesi, na inaposukuma hewa ya kawaida, chembe za mafuta hutoka pamoja na hewa hiyo hadi kwenye picha.

Matokeo yake ni vishimo vidogo vya duara ambavyo rangi hukimbia kutoka ndani yake, vile ambavyo mafundi wa rangi za magari huviita macho ya samaki. Niliharibu picha tatu nikidhani kwamba ubao ulikuwa mchafu. Niliuosha, nikausugua, nikabadilisha rangi, nikamlaumu aliyeniuzia rangi. Fundi mmoja mzee wa kupaka magari ndiye aliyenionyesha jaribio ambalo lingeniokoa tangu siku ya kwanza: alichukua kipande cha kioo safi, akaniambia nipulize hewa tupu juu yake kwa dakika nzima bila rangi yoyote, kisha akapitisha kidole. Kidole kilitoka na mafuta. Hakusema neno. Ukinunua kompresa yoyote, iwe mpya au ya kuundwa, anza na kioo.

Nikanunua kompresa ya kawaida yenye tangi la lita 24, ile inayotumiwa kwenye gereji, kwa dola 160. Hiyo ilinguruma kiasi kwamba watoto walikuwa wakikimbilia nje, lakini hewa yake ilikuwa safi. Kisha mvua zikaanza mwezi wa Novemba, na tatizo jipya likaja nazo. Hewa ikishindiliwa hupata joto, na ikipoa ndani ya mpira, unyevu wake hugeuka kuwa maji; katika majira ya mvua maji hayo hufika kwenye nozeli, yaani mdomo wa brashi, na kutema tone moja kubwa katikati ya jicho ulilolishughulikia tangu asubuhi. Kichujio cha maji ni lazima, na kisifungwe palepale kwenye kompresa ambako hewa ingali moto, bali mbali kidogo, baada ya mita kadhaa za mpira, mahali ambapo hewa imekwisha kupoa. Kila jioni fungua koki iliyo chini ya tangi ili maji yatoke. Wiki ya kwanza nilipofanya hivyo nilipata maji yenye kutu ya kujaza nusu kikombe, na nikaelewa kilichokuwa kikiniharibia kazi.

Umeme ni habari nyingine, na wasomaji wa hapa hawahitaji kuelezwa. Umeme unapokatika, tangi la lita 24 lililojaa kwa bari 6 (bari ni kipimo cha shinikizo) hukuachia dakika saba au nane tu za kupuliza kabla ya shinikizo kushuka mno. Mara nyingi unakatika ukiwa katikati ya tabaka la rangi ambalo haliwezi kungoja. Suluhisho langu, ambalo wageni hulicheka, ni gurudumu la lori. Ninalo gurudumu zima, pamoja na rimu yake, ambalo hujazwa hewa umeme ukiwapo, nami nimeliunganisha na mpira wangu kupitia kirekebisha shinikizo. Hunipa zaidi ya nusu saa ya hewa isiyo na kelele hata kidogo, na siku nyingine hulitumia hata umeme ukiwapo, kwa ajili ya utulivu tu. Usithubutu kuliunganisha bila kirekebisha shinikizo, wala usitumie gurudumu lililochanika au lililochakaa.

Kuhusu rangi, nitakiri jambo ninaloliona aibu. Kwa miezi minne nilipuliza rangi ya magari iliyochanganywa na tina, ndani ya chumba tunacholala, dirisha likiwa limefungwa ili vumbi lisiingie, nikiwa nimejifunga kitambaa puani. Niliumwa kichwa kila jioni na kusema kwamba ni jua. Mke wangu alivumilia mpaka mtoto wetu mdogo alipoanza kukohoa usiku, ndipo akaitoa kompresa nje, akaiweka chini ya mwembe, na kuniambia: "Baba, chagua: hii mashine ilale inje, ao sisi." Tangu hapo ninafanya kazi kibarazani, chini ya bati, ninatumia rangi za akriliki zinazochanganywa na maji, na ninavaa barakoa yenye vichujio iliyonigharimu dola 30. Akriliki nayo ikipulizwa huwa ukungu, na ukungu huo haufai kuingia mapafuni. Rangi zenye kadimiamu zisipulizwe kabisa. Vanishi ya magari, ile ya kuchanganya na kigumisho, ina kemikali ziitwazo isosayaneti ambazo zinaweza kumletea mtu pumu, na barakoa ya kawaida si kinga ya kutosha dhidi yake. Mimi hufunika picha zangu kwa vanishi ya maji.

Nikijumlisha yote, pamoja na brashi ya pili ya dola 110 ambayo binamu yangu aliniletea kutoka Zambia, rangi za dola 70, kirekebisha shinikizo na kichujio vya dola 25, nilikuwa nimetumia dola 485 kabla ya kuuza picha moja. Ningeanza na kompresa nzuri na brashi ya kawaida, ningetumia karibu theluthi mbili yake.

Mkono hufundishwa kwa mambo machache tu, lakini kwa muda mrefu. Rangi iwe nyepesi kama maziwa: ukiizungusha ndani ya kikombe ipande ukutani na kushuka ikiacha utando mwembamba. Shinikizo la bari 1.5 hadi 2 linatosha kwa sehemu pana, na kwa unywele mwembamba, ambapo ncha iko sentimita moja au mbili tu kutoka kwenye ubao, mimi hushuka chini ya bari 1 na kuongeza maji kwenye rangi. Hewa nyingi pamoja na rangi nyepesi karibu na ubao huzaa miguu ya buibui, yaani rangi hukimbia pande zote. Hewa ianze kabla ya rangi, na rangi ifungwe kabla ya hewa. Kanuni hiyo ilinichukua wiki tatu kuingia kidoleni, nami nilijaza magazeti ya zamani kwa nukta, mistari, na ile mikwaju inayoanza nene na kuishia nyembamba kama ncha ya kisu, kwa kuwa manyoya yote duniani yametokana na mkwaju huo. Mwezi wa Julai, wakati hewa ya hapa ni kavu na baridi, rangi hukauka kwenye ncha ya sindano kila baada ya dakika chache, kwa hiyo weka karibu nawe brashi ya kawaida iliyolowa maji ya kusafishia, uifute ncha kabla haijaanza kutema. Viputo vikionekana ndani ya kikombe, nozeli imelegea au imepasuka na hewa inarudi nyuma. Na brashi itundikwe, isilazwe mezani: yangu ilianguka mara moja tu, sindano ikapinda, na kwa siku mbili nilishangaa kwa nini mistari yangu inakwenda kushoto.

Hayo yote nilikuwa nimekwisha kuyajua nilipompelekea mzee ile picha. Vifaa vilikuwa safi, hewa kavu, mkono umetulia. Ndiyo maana maneno yake yaliniuma.

Usiku ule niliiweka picha mezani kando ya simu yenye picha ya Bobi, maana ndilo jina la mbwa huyo, nikalinganisha. Kosa la kwanza lilikuwa la picha yenyewe. Binti alikuwa amenitumia picha moja, iliyopigwa kwa simu ikiwa karibu kabisa na uso wa mbwa, na kamera ya simu ikiwa karibu namna hiyo hukuza pua na kusukuma masikio nyuma. Nilikuwa nimechora kwa uaminifu uso ambao haukuwapo. Kosa la pili lilikuwa langu. Brashi ya hewa, tangu karne ya 19, imetumika sana kurekebisha picha za kamera, kufuta mikunjo na madoa ya nyuso za watu, na ukiiachia ifanye inavyopenda itafuta mikunjo. Bobi ni mbwa mzee mwenye mvi mdomoni, sikio la kushoto lenye pengo, mdomo wa chini unaoning'inia upande mmoja. Mimi nilikuwa nimemponya. Manyoya yake yote yalikuwa laini kama pamba, pua nyeusi inayong'aa kama kiatu cha Jumapili, macho mawili yenye nukta nyeupe katikati kabisa. Nilikuwa nimechora kibao kingine, safari hii cha mbwa.

Nilirudi kwa mzee Jumamosi iliyofuata na kumwomba ruhusa ya kumtazama Bobi. Niliketi ukutani saa nzima bila kuchora. Mzee aliuchukua mkono wangu, akauweka juu ya paji la mbwa na kuniambia nisikie mfupa. Sikuwa nimewahi kufikiria kwamba chini ya manyoya kuna mfupa wenye umbo lake: kishimo kati ya macho, ukingo chini ya jicho, mahali ambapo taya hugeuka. Manyoya hulala kwa kufuata umbo hilo. Nilimpiga picha nikiwa nimechuchumaa, kwenye usawa wa macho yake, umbali wa mita mbili au tatu, nikiivuta picha karibu kwa kamera badala ya kusogea mimi, asubuhi, jua likitoka upande mmoja, bila taa ya simu, kwa kuwa taa hiyo huyafanya macho ya mbwa yawake kijani. Nilirudi mara mbili zaidi.

Kisha nikachora kwa penseli tu, na juu ya nakala ya mchoro huo nikaweka mishale midogo inayoonyesha manyoya yanaelekea wapi: mafupi kama velveti yanayotoka puani kwenda nyuma, yanayogawanyika kati ya macho, yanayoshuka shavuni, marefu shingoni. Mchoro huo wa penseli nikampelekea mzee kabla ya kufungua chupa yoyote ya rangi. Alinyoosha kidole kwenye sikio na kusema pengo ni kubwa zaidi. Nikalikuza.

Nilianza na pua, nikakaa nayo siku mbili. Pua ya mbwa ina mistari na vinundu vyake visivyofanana na vya mbwa mwingine, kama alama ya kidole cha mtu, na ya Bobi ina doa la rangi ya waridi upande wa kulia ambalo mara ya kwanza nilidhani ni mwanga. Kwa kingo kali, kama za tundu la pua na kope, nilikata vifunikio kutoka kwenye filamu za zamani za eksirei zilizooshwa kwa maji ya klorini; kifunikio kikigusa ubao huacha ukingo mkali kama wa wembe, kikiinuliwa milimita chache ukingo hulainika, na kuchagua kati ya hayo mawili ndiyo kazi yenyewe. Manyoya sikuyachora tena kwa rangi nyeupe juu ya nyeusi, kwa sababu nyeupe ikipulizwa kwa ukungu mwembamba juu ya rangi nzito hugeuka kuwa na ubuluu wa maziwa, na mbwa wangu wa kwanza alionekana kana kwamba amelala majivuni. Nilipaka ubao wa MDF, ule wa unga wa mbao ulioshindiliwa, tabaka kadhaa za rangi nyeupe ya msingi, nikausugua kwa msasa namba 600, nikapuliza kahawia inayopenyesha mwanga, kisha nikatoa nywele za nuru kwa kifutio chembamba na kwa ncha ya wembe, nikikwaruza mpaka weupe wa chini uonekane. Juu yake tena kahawia, tena kukwaruza, mara nne au tano, na kila tabaka linalizamisha lile la kwanza kidogo. Nyeusi ya chupa sikuitumia. Nilichanganya kahawia iliyokolea na buluu, nikapata giza lenye uhai. Mvi za mdomoni niliziacha za mwisho, nikazikwaruza kwa mikono inayotetemeka, kwa kuwa mkwaruzo mmoja wa wembe haufutiki.

Siku tisa. Mzee alipoiona alicheka kwanza, kisha akamwita Bobi aje aone, naye Bobi alinusa fremu na kwenda zake. Nikapokea dola 80. Siku 11 na siku tisa kwa dola 80 ni dola 4 kwa siku, kabla ya kuhesabu rangi, na siku hizi ninaomba nusu ya malipo kabla ya kuanza, picha zisizopungua tatu za mnyama, na idhini ya mwenyewe juu ya mchoro wa penseli.

Ile picha ya kwanza ingali karakanani, na nyuma yake ndipo ninapojaribia rangi kila asubuhi. Mwezi uliopita aliingia bwana mmoja kuulizia kibao cha duka lake, akaiona imeegemezwa ukutani, akasimama, akaigusa. "Yaya," akaniambia, akimaanisha kaka, "hii njo imbwa yangu kabisa! Uliionea wapi?" Nilimwomba aniletee picha tatu.